Madereva waliojenga barabara juu ya maziwa yaliyoganda

Mwaka 1964 kampuni ya Echo Bay ilianza kuchimba madini ya fedha kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Great Bear, kaskazini-magharibi mwa Kanada, pua na mdomo na Mzingo wa Aktiki. Fedha ilikuwepo. Njia ya kuifikia ndiyo haikuwepo. Vyombo vya majini vilifika wakati wa joto tu, na wakati huo ni mfupi mno, kwani ziwa lile hubaki na barafu hadi Julai. Ndege zilibeba mzigo kidogo kwa gharama kubwa. Kati ya mgodi na mji wa Yellowknife kulikuwa na misitu, miamba, vinamasi na maziwa yaliyofuatana moja baada ya jingine. Barabara ya kudumu ya kwenda huko haikujengwa, na hadi leo haipo.

John Denison aliitazama nchi hiyohiyo kwa jicho tofauti. Alikuwa polisi wa zamani wa kikosi cha Polisi wa Kifalme cha Kanada, aliyewahi kufanya kazi huko kaskazini, kisha akaacha sare na kuingia kwenye biashara ya usafirishaji. Alijua kwamba baridi iliyoifunga nchi hiyo kwa miezi saba ndiyo ingeifungua. Maziwa yakishaganda huwa tambarare, hayana kona wala milima. Kinachotakiwa ni kuyaunganisha kwa vipande vifupi vya njia msituni, kusafisha theluji, kisha kupitisha malori kabla majira hayajageuka.

Akiwa na kampuni ya Byers Transport, Denison na watu wake walijenga njia ya kilomita zipatazo 520 hadi Echo Bay. Kila masika ya huko ilipoingia, barabara yote iliyeyuka. Kila baridi iliporudi, waliijenga tena kuanzia mwanzo. Hadithi ya watu hawa imekuwa ikisimuliwa zaidi kama hadithi ya ushujaa wa kucheza na kifo. Kifo kilikuwepo kweli. Lakini ukiichunguza kazi yao hatua kwa hatua, utaona kwamba kilichowafikisha ni subira, vipimo na heshima kwa barafu, na kwamba waliokosa mambo hayo hawakufika.

Kabla ya lori, katapila

Kabla malori hayajaaminiwa juu ya barafu, mizigo ya kaskazini ilivutwa na mbwa, kisha farasi, kisha katapila. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, misafara ya katapila ndiyo iliyoilisha migodi na vijiji vingi vya Kanada ya kaskazini. Katapila moja lilikokota mlolongo wa majukwaa ya mbao yaliyoteleza juu ya theluji, yamesheheni mafuta, unga, mbao na mitambo. Nyuma kabisa kilifuata kibanda chenye jiko na vitanda, ambamo wafanyakazi walipikiwa na kulala kwa zamu huku msafara ukiendelea usiku na mchana kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu.

Katika jimbo la Manitoba, Svein Sigfusson, mtu mwenye asili ya Aisilandi, alitumia miaka mingi kufungua njia za majira ya baridi kwenda kwenye vijiji vilivyokuwa mbali na reli na barabara. Magharibi zaidi, misafara ya katapila ilivuka Ziwa Great Slave kutoka Hay River kwenda kwenye migodi ya dhahabu ya Yellowknife. Ziwa hilo lina kina cha mita 614, na hakuna ziwa lenye kina kirefu zaidi katika Amerika Kaskazini yote. Dereva wa katapila aliyekuwa juu yake alikuwa ametenganishwa na kina hicho na kipande cha barafu ambacho unene wake angeweza kuupima kwa mkono wake.

Katapila lilipopasua barafu, lilizama mara moja, maana uzito wake wote umekusanyika mahali pamoja. Ndiyo sababu madereva walifanya kazi milango ikiwa wazi au imeng'olewa kabisa, hata hewa ilipokuwa nyuzi 40 chini ya sifuri. Walichagua kupigwa na upepo unaokausha ngozi kuliko kufungiwa ndani ya chuma kinachoelekea chini. Desturi hiyo ilirithiwa na madereva wa malori: unapovuka mahali usipopaamini, fungua mlango, fungua mkanda, na mguu mmoja uwe tayari.

Lori lilikuwa na faida mbili. Lilikwenda kasi kuliko katapila, na uzito wake uligawanyika kwenye matairi mengi. Lakini lilihitaji barabara halisi, iliyosawazishwa na kusafishwa, na hapo ndipo ilipoanza kazi ya Denison.

Theluji ndiyo adui

Mtu wa nchi za joto anaweza kudhani kwamba theluji nyingi huleta barafu nene. Ni kinyume chake. Theluji ni blanketi: ikilala juu ya ziwa, huzuia baridi ya hewa isifike chini, na barafu hukua taratibu sana. Ukiiondoa, baridi hupenya na barafu huongezeka unene usiku hadi usiku. Kwa hiyo kazi kubwa ya mjenzi wa barabara ya barafu ni kusukuma theluji pembeni. Katika mahali pengine popote barabara hujengwa kwa kumwaga kifusi na lami. Hapa hujengwa kwa kuondoa.

La kwanza kupita lilikuwa gari jepesi la theluji lenye minyororo, likibeba watu wachache na keekee ya kutobolea barafu. Walitoboa, wakapima, wakasonga mbele, wakatoboa tena. Barafu ya buluu, ngumu na isiyo na mapovu, ndiyo waliyoitaka. Barafu nyeupe, iliyotokana na theluji iliyolowa na kuganda, haina nguvu ya kutegemewa. Penye mkondo wa maji chini, kama kwenye maingilio ya mito na kati ya visiwa, barafu inaweza kuwa nyembamba hata kama hatua chache kutoka hapo ni nene. Baada ya gari jepesi yalifuata malori yenye majembe ya kusukuma theluji, kisha malori yenye mzigo mdogo, na mwisho kabisa yaliyojaa.

Mwaka 1971 mtafiti Lorne Gold, wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, alichapisha kanuni ya kukadiria uzito ambao barafu inaweza kubeba, baada ya kupitia kumbukumbu za misafara iliyovuka salama na iliyozama. Kiini chake ni rahisi kukumbuka: unene ukiongezeka mara mbili, uwezo wa kubeba huongezeka mara nne. Lakini kanuni hiyo ilitokana na watu waliokwisha kuvuka, na kwa sehemu iliandikwa kwa hasara zao. Denison na wenzake walikuwa miongoni mwa kizazi kilichojifunza kabla kitabu hakijaandikwa.

Baridi yenyewe ilishambulia kila kifaa. Dizeli iliganda na kuwa nzito kama mafuta ya kupikia yaliyoshikana, kwa hiyo injini ziliachwa zikinguruma usiku kucha. Vyuma vilivyostahimili kila kitu huko kusini vilivunjika ghafla. Mabomba ya mpira yalipasuka. Unyevu mdogo ndani ya mabomba ya hewa ya breki uliganda na kuzifunga. Dereva alilala huku chini ya mto wake moyo wa lori ukipiga, na kama sauti hiyo ingekatika angeamka mara moja. Mahali ambapo jua la Januari huchungulia kwa saa chache tu, na msaada uko safari ya siku nzima, injini iliyozimika ilihesabiwa kuwa hatari kuliko barafu yenye ufa.

Mwandishi Edith Iglauer, Mmarekani, alipanda malori hayo pamoja na Denison, akala na kulala na kikosi chake, na katikati ya miaka ya 1970 akachapisha kitabu kuhusu barabara hiyo. Kwa kitabu hicho dunia ilipata kuwajua watu ambao hadi hapo walijulikana tu na wale waliosubiri mizigo yao. Kituo cha televisheni cha History Channel kilikitumia mwaka 2000 kutengeneza filamu fupi ya habari, na kuanzia 2007 kikarusha mfululizo mrefu kuhusu madereva wa barafu.

Mwendo unaoua

Mtu akitazama ziwa lililoganda, anaona uwanja mpana usio na gari jingine, na mguu unashawishika kukanyaga mafuta. Hapo ndipo kifo kinapongoja.

Barafu huelea. Lori likipita juu yake, barafu hubonyea kidogo na kuyasukuma maji yaliyo chini. Maji hayo huwa wimbi linalosafiri pamoja na lori, lisiloonekana. Kuna mwendo fulani ambapo lori na wimbi huenda sawasawa, na wimbi hukua kwa kila mita hadi barafu ikapasuka. Kwenye maji ya kina kifupi wimbi husafiri polepole zaidi, kwa hiyo mwendo wa hatari unakuwa ule ambao lori hulifikia kwa urahisi. Hatari kubwa zaidi iko unapokaribia nchi kavu, kwa sababu wimbi hugonga ufuko na kurudi likiwa halijapoteza nguvu, likaipasua barafu mbele ya dereva.

Wanasayansi wa Urusi ya Kisovieti walikutana na jambo hilohilo katika mazingira ya kutisha. Wakati Leningrad ilipozingirwa na majeshi ya Ujerumani, njia ya malori ilifunguliwa juu ya Ziwa Ladoga tarehe 22 Novemba 1941. Malori madogo ya GAZ-AA, yenye uwezo wa kubeba tani 1.5, yalipeleka unga kwenye mji uliokuwa ukifa njaa na kurudi na wagonjwa, wazee na watoto. Malori mengi yalizama. Mwanafizikia Naum Reinov akatengeneza kifaa cha kupima jinsi barafu inavyobonyea, na vipimo vilionyesha kwamba kuna mwendo ambao lazima madereva wauepuke, hata kama mabomu yanaanguka na kila silika inawaambia wakimbie.

Kwenye barabara za barafu za Kanada hii leo, lori lililojaa huruhusiwa kwenda kilomita 25 tu kwa saa, na karibu na ufuko hushuka hadi kilomita 10. Malori hutengana kwa umbali uliopangwa ili mawimbi yao yasikutane. Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga wetu, na hapa usemi huo una hesabu zake. Dereva anaweza kukaa saa nyingi akitazama weupe uleule, mguu ukiwa umezuiwa, akisikia barafu ikilia na kupasuka chini yake kwa milio kama ya bunduki. Wazoefu wanajua kwamba milio hiyo mara nyingi ni ya barafu iliyo imara ikijinyoosha chini ya uzito. Mgeni hutetemeka, mzoefu hushika mwendo wake.

Jitu la chuma la Alaska

Wapo waliotaka kuishinda nchi ya kaskazini kwa ukubwa wa mashine. Katikati ya miaka ya 1950, Marekani na Kanada zilikuwa zikijenga mlolongo wa vituo vya rada kwenye pwani ya Aktiki, ili kugundua mapema ndege za Urusi ya Kisovieti. Kampuni ya Alaska Freight Lines, chini ya Al Ghezzi, ilijitolea kupeleka shehena ya kazi hiyo kwa nchi kavu, kupitia nyika isiyo na barabara.

Kwa safari hiyo, kiwanda cha LeTourneau huko Texas kiliunda mwaka 1955 gari lililoitwa VC-22 Sno-Freighter. Lilikuwa na mabehewa 6, urefu wa zaidi ya mita 80, na magurudumu 24 marefu kuliko mtu. Injini mbili za dizeli zilizalisha umeme, na kila gurudumu lilikuwa na mota yake, ili gari likikwama mahali pamoja, magurudumu mengine yaendelee kuvuta. Lilikusudiwa kubeba tani 150.

Maisha yake yalikuwa mafupi. Lilijikunja njiani, likashika moto sehemu ya injini, likaachwa. Mabaki yake yamekaa kwa miongo mingi karibu na Fox, nje ya mji wa Fairbanks, yakiliwa na kutu. Watu waliolijenga na kuliendesha hawakuwa wazembe, na juhudi yao inastahili heshima. Lakini walitengeneza mashine iliyopaswa kuilazimisha ardhi ikubali. Denison alichukua lori la kawaida na kulitengenezea njia inayoifaa ardhi. Njia yake ndiyo iliyodumu.

Njia ya wazee na mzigo wa Katanga

Njia hiyo haikuwa mpya kama ilivyosimuliwa. Mlolongo wa maziwa kutoka upande wa Great Slave hadi Great Bear ulikuwa njia kuu ya watu wa Tłı̨chǫ kwa vizazi vingi, kwa mitumbwi wakati wa joto na kwa mbwa wakati wa baridi. Wanaiita Ɂıdaà. Walijua mahali pa kuvushia vyombo, mahali penye mkondo, mahali ambapo barafu hudanganya. Kuwaita madereva waanzilishi ni haki, kwa kuwa hakuna aliyepitisha lori lenye shehena huko kabla yao. Kuwaita wagunduzi wa njia ni kuwanyang'anya wenyewe.

Mahali pale mwisho wa barabara pana historia nzito, na sisi wazungumzaji wa Kiswahili tunahusika nayo. Kabla ya miaka ya 1930, karibu radiamu yote ya dunia ilitawaliwa na kampuni ya Ubelgiji ya Union Minière, iliyochimba Shinkolobwe, Katanga, eneo la Kongo linalozungumza Kiswahili. Mwaka 1930 Gilbert LaBine aligundua madini ya aina hiyohiyo kwenye Ziwa Great Bear, mahali palipokuja kuitwa Port Radium. Vita vilipokuja, migodi hiyo miwili iliyotenganishwa na nusu ya dunia ilitoa urani iliyotumika katika mradi wa Marekani wa bomu la atomiki. Shinkolobwe ndiyo iliyotoa sehemu kubwa zaidi.

Kutoka Port Radium madini hayo yalisafiri kwa maji, miaka mingi kabla ya malori ya Denison. Wanaume wa Sahtu Dene, wenyeji wa ziwa hilo, walibeba magunia yake mabegani pale ambapo mto haukupitika. Hawakuambiwa ni kitu gani wanachobeba. Mwaka 1998, wajumbe kutoka kijiji chao cha Délı̨nę walisafiri hadi Hiroshima kuomba radhi kwa watu waliounguzwa na bomu. Watu waliodanganywa walikwenda kuomba radhi. Wachimbaji wa Katanga nao hawakuambiwa. Unapowasifu wabebaji wa mizigo ya kaskazini, waweke hawa mstari wa mbele, na uulize kila mara: anayebeba anajua anachobeba, na anapata nini kwa kukibeba?

Kutoka fedha hadi almasi

Mgodi wa Echo Bay ulipokwisha, kampuni ileile ilihamia kwenye dhahabu ya Lupin, mbali zaidi upande wa mashariki, nje ya mstari wa miti. Mwaka 1982 barabara ya barafu ya Tibbitt hadi Contwoyto ilijengwa kwa mara ya kwanza kuuhudumia mgodi huo. Urefu wake ulikaribia kilomita 600, na asilimia 87 hivi ilipita juu ya maziwa. Migodi ya almasi ya Ekati na Diavik ilipofunguliwa baadaye, njia hiyo ikawa mshipa wa uchumi wa eneo zima. Msimu wa 2007 malori karibu 11,000 yenye mzigo yalikwenda kaskazini, yakiwa na tani zipatazo 330,000, ndani ya wiki chache tu.

Mwaka mmoja kabla yake, 2006, baridi ilikuwa dhaifu. Barabara ilifungwa mapema, na migodi ikalazimika kupeleka mafuta na mitambo kwa ndege kwa gharama kubwa mno. Hilo lilikuwa onyo. Kampuni za almasi ziliweza kukodi ndege. Vijiji havina uwezo huo.

Katika majimbo ya Ontario na Manitoba, vijiji vingi vya wenyeji wa asili hutegemea barabara za baridi kuleta mafuta ya jenereta, saruji, mbao, magari na chakula cha bei inayobebeka. Mapema mwaka 2024, barafu ilichelewa kushika na viongozi wa jamii hizo wakatangaza hali ya dharura. Barabara isipofunguka, nyumba haijengwi mwaka huo, na dukani bei hupanda hadi mama anaacha maziwa anachukua chai kavu.

Pale ambapo serikali zimeamua, mambo yamebadilika. Daraja la Deh Cho juu ya Mto Mackenzie lilifunguliwa mwaka 2012 na kumaliza kivuko cha barafu. Barabara ya kudumu kutoka Inuvik hadi Tuktoyaktuk, kwenye pwani ya bahari ya Aktiki, ilifunguliwa Novemba 2017. Mwaka 2021 kijiji cha Whatì, katika nchi ya Tłı̨chǫ, kilipata barabara yake ya mwaka mzima. Bado jamii nyingi zinasubiri, na baridi wanayoitegemea inapungua mikononi mwao.

Denison alipewa nishani ya Order of Canada mwaka 1998, na akafariki mwaka 2001. Ni nadra dola kumtunuku mtu wa malori, na alistahili. Lakini heshima kubwa kwake na kwa wenzake, wale waliopona na wale waliobaki chini ya maziwa, haiko kwenye nishani wala kwenye televisheni. Iko katika kufanya walichofanya wao: kupima kwanza, kisha kuamua kwa vipimo hivyo. Vipimo vya leo vinasema barafu haitatosha. Watu wanaoishi mwisho wa barabara hizo wana haki ya kupata njia isiyoyeyuka, kabla haujaja msimu ambao hata dereva aliye bora kuliko wote ataegesha lori lake ufukoni na kurudi nyumbani.